Kuzitambua Chipu za Upimaji bila Kuidhuru Kompyuta

Kompyuta yoyote inapofanya kazi hutoa joto, na joto likizidi kiasi saketi zake huharibika. Kwa sababu hiyo, watengenezaji huweka juu ya ubao mkuu chipu ndogo ambazo kazi yake ni kupima halijoto, volti za umeme na mwendo wa feni. Vipimo hivyo havina faida mpaka visomwe na mfumo wa uendeshaji, kama vile Linux, kwa msaada wa programu ndogo iitwayo kiendeshi. Lakini kabla ya kusoma chochote, kiendeshi hakina budi kujua ni chipu gani iliyopo, na ipo wapi. Swali hili laonekana jepesi, kumbe lina hatari ndani yake.

Njia ya nyaya mbili

Chipu nyingi za aina hii huunganishwa kwa njia ya I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Njia hii ina nyaya mbili tu: mmoja hupitisha data, na wa pili hupitisha mapigo ya saa. Kwa kawaida kila chipu hupewa anwani ya biti 7. Hivyo anwani zote ni 128. Kwa kuwa aina za chipu ni nyingi mno kuliko idadi hiyo, chipu zisizohusiana hata kidogo hulazimika kutumia anwani zile zile. Kipimajoto cha LM75, kwa mfano, chaweza kuwekwa katika anwani yoyote kuanzia 72 hadi 79. Lakini chipu iitikayo katika anwani 72 si lazima iwe LM75. Kuitikiwa hodi si kumjua aliyemo ndani.

Hodi iliyoleta madhara

Njia rahisi ya kubisha hodi ni kutuma anwani pamoja na biti ya kuandika, bila data yoyote, kisha kungoja itiko. Chipu nyingi hazidhuriki kwa jambo hilo. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 iligunduliwa kwamba chipu ya kumbukumbu ya 24RF08, iliyokuwa ndani ya baadhi ya kompyuta za ThinkPad za IBM, ilikuwa na kasoro: hodi hiyo iliweza kuvuruga data iliyohifadhiwa humo, na kompyuta ikashindwa kuwaka tena. Chipu nyingine za kumbukumbu zaweza kufungwa kabisa zisiandikike tena. Ndiyo maana Linux, katika anwani 48 hadi 55 na 80 hadi 95, hubisha hodi kwa kusoma baiti moja badala ya kuandika.

Kanuni za utambuzi salama

Kanuni ya kwanza ni kubisha hodi katika anwani chache tu zijulikanazo kuwa za chipu za upimaji. Ya pili ni kusoma bila kuandika, kwa kuwa baiti iliyokusudiwa kurekebisha kipimajoto yaweza kubadili volti ya saketi nyingine. Ya tatu ni kutafuta ushahidi zaidi ya mmoja. Chipu nyingi zina rejista ya kumtambulisha mtengenezaji: katika ADM1021, rejista ya 254 huwa na namba 65, ya kampuni ya Analog Devices. Kama namba za rejista zingekuwa za kubahatisha, uwezekano wa rejista moja kulingana kwa nasibu ungekuwa 1 kwa 256. Wa rejista mbili, 1 kwa 65,536.

LM75 ya asili haina rejista ya utambulisho. Kwa hiyo kiendeshi huchunguza tabia yake: biti zisizotumika katika rejista ya mpangilio lazima ziwe sifuri, na rejista zake hujirudia kila baada ya namba 8. Ushahidi huu ni dhaifu, na pasipo uhakika kiendeshi hakina budi kujitoa.

Njia iliyo bora kuliko zote ni mtengenezaji wa ubao kuorodhesha chipu zilizomo na anwani zake, ili mfumo usilazimike kukisia. Pale orodha hiyo isipokuwapo, sharti la mchunguzi yeyote hubaki lile lile: kipimo kisikiharibu kile kinachopimwa.