Matairi makubwa kwa pikapu mpya: Barabara za Kanzenze zinahitaji nini hasa?

Mwenye pikapu mpya katika Tarafa ya Kanzenze, Wilaya ya Rubavu, hukutana na swali moja mapema kuliko mwenye gari la mjini: je, ayaache matairi yaliyokuja na gari kutoka kiwandani, au ayabadilishe kwa makubwa zaidi yenye kashata nene? Kwa mkulima au mfanyabiashara aliyenunua gari kwa mkopo, jibu lisilo sahihi humgharimu mafuta na vipuri. Katika mteremko wa kuelekea Gisenyi, laweza kumgharimu zaidi ya hapo.

Kanzenze iko kando ya barabara kuu ya Musanze–Rubavu, kwenye nyanda za juu zinazopakana na safu ya volkano za Virunga. Gari moja hufanya kazi mbili zisizofanana: asubuhi huingia katika njia za vumbi na tope kuchukua viazi au maziwa, na baadaye hupanda lami na kuteremka hadi ufukwe wa Ziwa Kivu, ulio mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia za mashambani zimejaa mawe meusi ya volkano, ambayo wenyeji huyaita amakoro. Mawe hayo yana makali, na adui yao mkubwa ni ubavu wa tairi.

Kuna aina tatu za matairi zinazofaa kulinganishwa. Tairi la barabara, lenye alama ya H/T, hutulia kwenye lami lakini huteleza mapema katika tope. Tairi la tope, lenye alama ya M/T, lina kashata kubwa zilizoachana sana. Hushika vizuri kwenye matope, ila kwenye lami iliyolowa breki zake huwa dhaifu, hunguruma, na huisha haraka. Kati ya hayo mawili lipo tairi la ardhi zote, lenye alama ya A/T. Kwa gari linalogawa siku yake kati ya shamba na lami, aina hiyo ya kati ndiyo inayofaa wengi.

Lakini aina ya tairi ni jambo moja, na ukubwa wake ni jambo jingine. Wanunuzi wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Pikapu nyingi zinazoonekana Afrika Mashariki hutoka kiwandani na tairi la 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia 65 ya upana huo. Herufi R hueleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizijumlisha, tairi hilo lina kimo cha milimita 776 hivi kutoka ardhini hadi juu.

Akichagua 265/70R17, mnunuzi anapata kimo cha milimita 803 hivi, ongezeko la asilimia zaidi kidogo ya 3. Akichagua 285/70R17, kimo hufikia milimita 831 hivi, ongezeko la asilimia 7.

Hapa ndipo matumaini ya wengi hupungua. Gari hukaa juu ya kitovu cha gurudumu, kwa hiyo huinuka kwa nusu tu ya ongezeko hilo. Tairi la kwanza huinua gari kwa milimita 13, takriban upana wa kidole kidogo. La pili huinua kwa milimita 27. Mwenye gari anayedhani ataruka kila jiwe la njiani atakuwa amelipia milimita chache.

Gharama isiyoonekana dukani

Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi katika kila kilomita, lakini kipima mwendo huendelea kuhesabu kana kwamba tairi la zamani bado lipo. Kipima mwendo kikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari lenye 265/70R17 huwa linakwenda kasi zaidi ya hapo kwa kilomita 2 hivi, na lenye 285/70R17 kwa kilomita 4 hivi. Magari mengi hutengenezwa kipima mwendo kikizidisha kidogo, hivyo tofauti ya asilimia 3 yaweza kumezwa humo. Ya asilimia 7 si ya kupuuza, hasa katika nchi ambayo kamera za polisi hupima kasi barabarani.

Jambo la pili ni nguvu. Tairi refu na zito huifanya injini ifanye kazi zaidi kupanda mlima. Kanzenze iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu zake hata kabla ya kubadilishiwa tairi. Injini ya dizeli yenye tabo huumia kidogo zaidi, lakini nayo hulipa kwa mafuta.

Jambo la tatu, na lililo zito kuliko yote, ni breki. Breki za gari zilipimwa na mtengenezaji kwa tairi la ukubwa fulani. Gurudumu lililo zito na refu zaidi ni gumu kusimamisha. Tani moja ya viazi, yaani magunia 10 ya kilo 100, ikiwa nyuma na mteremko ukiwa mrefu, breki hupata moto na kupungua nguvu. Dereva mwenye busara huteremka kwa gia ndogo na kuiacha injini izuie gari, lakini tairi refu hupunguza hata msaada huo.

Kinachofaa kutazamwa kabla ya ukubwa

Kwa mawe ya Kanzenze, ubora wa ubavu una maana kuliko kimo. Tundu dogo la msumari kwenye kashata hutengenezeka. Ubavu uliopasuliwa na jiwe hautengenezeki kwa usalama, na kuuwekea kiraka au mpira wa ndani ni kuahirisha ajali. Kwa hiyo muuzaji aulizwe kwanza kuhusu matabaka ya ubavu. Matairi yenye herufi LT mbele ya kipimo hutengenezwa kwa magari ya mizigo na huwa na mwili mgumu zaidi. Hata hivyo, huhitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba uzito uleule, hivyo mnunuzi aombe kiwango sahihi badala ya kukisia.

Kisha kuna namba ya mzigo. Baada ya kipimo huandikwa, kwa mfano, 112S: 112 humaanisha kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 1,120, na S ni kasi ya juu ya kilomita 180 kwa saa. Namba ya tairi jipya isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Umri nao husomeka. Tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzima laweza kuwa zee, na mpira mzee hupasuka.

Ikiwa bado mwenye gari anataka kimo zaidi, hatua ndogo ya asilimia 3 ndiyo yenye hatari ndogo. Hata hiyo ijaribiwe: gari lipakiwe mzigo, usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili, na ichunguzwe kama tairi linagusa madigadi au chesisi. Kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja, na la akiba vilevile, kwani tofauti ya kimo huumiza difu na giaboksi. Ni vyema pia kuuliza mapema kuhusu dhamana ya gari, bima, na masharti ya vituo vya ukaguzi wa magari vya Polisi ya Taifa, kikiwemo cha Musanze.

Kuna mipaka ambayo tairi haliwezi kuivuka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilipoua zaidi ya watu 130 nchini na Mto Sebeya kufurika Rubavu, maji yalibeba vitu vizito kuliko pikapu. Tairi pana lililojaa hewa huelea mapema zaidi kwenye maji yaendayo kasi, na dereva hana la kufanya ila kusubiri.

Kwa wengi wa Kanzenze, basi, chaguo lenye faida zaidi ni tairi la ardhi zote, lenye ubavu imara na namba ya mzigo inayotosha, katika kipimo kilekile cha kiwandani. Fedha itakayobaki inunue tairi zuri la akiba na kipimo cha upepo. Vitu hivyo viwili ndivyo vitakavyolirudisha gari nyumbani siku jiwe la volkano litakaposhinda.