Mawe ya Mizani ya Waasante

Zamani, mfanyabiashara wa Kiasante, katika nchi ambayo leo ni Ghana, hakwenda sokoni bila mfuko wake wa mizani. Fedha ya nchi ile ilikuwa dhahabu ya unga, na unga hauhesabiki kwa vidole. Kwa hiyo mfukoni mlikuwa na mizani ndogo ya mkono, kijiko cha kuchotea, visanduku vya kuhifadhia dhahabu na mawe ya kupimia. Muuzaji alipima kwa mawe yake, mnunuzi naye akapima kwa yake, kisha wakazungumza hata wakaafikiana.

Kwa Kiswahili huitwa mawe, lakini kwa hakika yalikuwa ya shaba ya manjano. Fundi alifinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma mpaka nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba ya moto mahali palipoachwa na nta. Ili kulitoa jiwe ilimbidi auvunje udongo ule. Ndiyo sababu ni vigumu kupata mawili yanayofanana kabisa. Mara nyingine hakuhitaji nta: alitwaa karanga au mdudu halisi, akavifunika kwa udongo, na moto ukaviteketeza na kuacha umbo lake.

MAUMBO YENYE MAFUNZO

Mengi ya mawe hayo yalibeba maneno ya wazee. Ndege anayegeuza shingo kutazama nyuma, aitwaye Sankofa, hufundisha kwamba si aibu kurudi kuchukua kilichosahauliwa. Mamba wawili wenye tumbo moja, wanaogombea chakula ilhali kitashukia mahali pamoja, huwaonya ndugu wa nyumba moja wasigombane.

Vyombo vya nyumbani navyo vilikuwa na maana yake. Kigoda kilichongwa katika gogo moja, na mwenyewe alipoinuka kililazwa ubavu, isije roho nyingine ikakikalia. Chanuo la mbao lilikuwa alama ya usafi na uzuri wa mwanamke, na mume alimpa mkewe kuwa zawadi ya mapenzi.

MILANGO MIWILI

Leo vitu vya aina hiyo vimo katika majumba mengi ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Vilitoka kwao kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni vita. Mwezi wa Februari 1874 jeshi la Uingereza, chini ya Jenerali Garnet Wolseley, liliingia Kumasi, makao ya mfalme. Kwa muda wa siku mbili jumba la mfalme lilitekwa nyara na kubomolewa kwa baruti, na mji ukatiwa moto. Nyara nyingi ziliuzwa kwa mnada. Kazi hiyo ya siku mbili ilizaa madai ya miaka 150. Mwaka 2024 makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yalirudisha vitu 7 moja kwa moja. British Museum na Victoria and Albert Museum za London zilipeleka vitu 32 Kumasi, lakini kwa mkopo wa miaka mitatu tu.

Historia hiyo si ngeni kwa Uganda. Mfalme Prempeh wa Kwanza wa Asante, aliyekamatwa mwaka 1896, hatimaye alihamishiwa Seychelles, visiwa vile vile walikopelekwa Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Na mwaka huo huo wa 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta Kampala vitu 39 vya asili ya Uganda, navyo pia kwa mkopo.

Mlango wa pili haukuvunjwa na askari. Sarafu za Waingereza ziliposhika nafasi ya dhahabu ya unga, mwishoni mwa karne ya 19, mawe yalikosa kazi. Watu waliyauza kidogo kidogo, na wageni wakayanunua kama mapambo. Mengi yaliondoka bila maelezo: nani aliyatengeneza, nani aliyatumia, na yalikuwa na neno gani. Jiwe la namna hiyo hukaa ndani ya kioo likiwa zuri, lakini ni bubu.

Mlango huo wa pili ungali wazi katika nyumba nyingi. Familia za askari na polisi huhama kambi hata kambi, na katika kila uhamisho kuna kitu kinachoachwa: kibuyu cha maziwa, kigoda cha nyanya, shanga za mama. Serikali inaweza kudai vilivyotekwa vitani. Lakini kilichouzwa kwa mpita njia bila jina wala habari zake, hakuna serikali itakayojua pa kukidai.

Mwacha mila ni mtumwa. Kwa hiyo ni vyema mzazi, kabla ya kufunga mizigo, akawaonyesha watoto kitu kile, akawaambia jina lake, aliyekitengeneza na kazi yake. Mtoto aliyesikia habari hiyo hatakubali kukiuza kwa urahisi.