Saa ya Marehemu Baba Inapotoka Jasho

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu twautumia sana kwa nyumba na kwa malezi ya watoto. Leo, ndugu msomaji, tuutumie kwa kitu kidogo kilichomo katika makabati mengi ya mwambao: saa ya mkono ya kutia ufunguo, aliyoiacha baba au babu.

Mrithi huivaa kwa mapenzi. Siku moja aingia benki yenye kipoza hewa, atazama saa, mara auona ukungu chini ya kioo. Akitoka juani ukungu watoweka, naye ashukuru na kwenda zake. Waama, hapo ndipo penye hatari. Ukungu umeondoka machoni tu. Maji yangali mumo ndani. Kioo kikipoa, unyevu wa hewa hugeuka matone, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho. Kikipata joto, matone hurudi kuwa mvuke, na mvuke hauna pa kutokea.

Maji hupitia wapi? Hupitia kwenye mpira mwembamba chini ya kifuniko cha mgongoni, na pale penye kichwa cha kutilia ufunguo. Mpira huzeeka, ukakauka na kupasuka. Basi maandishi ya mgongoni yasemayo saa haiingii maji yasikudanganye. Ni kweli kwamba mwaka 1927 Mwingereza Mercedes Gleitze aliogelea baharini baina ya Uingereza na Ufaransa, saa ya Rolex Oyster ikiwa shingoni, na saa ikatoka majini yaenda. Lakini saa ile ilikuwa mpya. Ya kwako ina miaka hamsini au zaidi, nayo yapata maji ya udhu mara tano kwa siku. Seuze ikitumbukia baharini! Ivue kabla ya kutawadha. Hata ngozi iliyo chini ya ukanda itafikiwa na maji.

Magurudumu ya shaba hustahimili. Kinacholiwa na kutu ni chuma: skurubu, kijiti cha ufunguo na kamani. Unga wa kutu ukichanganyika na mafuta, vyombo vyote husagika. Fundi aweza kutia kamani nyingine, lakini uso wa saa ukishababuka haurudi ulivyokuwa.

Ukiuona ukungu, usiianike saa juani wala usiifukie ndani ya mchele. Jua huharibu mafuta, na mchele una vumbi. Vuta kichwa cha ufunguo nje, uitie saa ndani ya mkebe uliofungika pamoja na vile vifuko vya punje za kukaushia viwekwavyo katika masanduku ya viatu. Kesho yake ipeleke kwa fundi aifungue, aisafishe na kubadilisha mpira. Ikiwa ni maji ya bahari, ipeleke siku iyo hiyo, kwani maji hukauka, chumvi ikabaki.

Tena usiifungue mwenyewe. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilizong'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu, nayo baada ya miaka 1,600 hupungua nusu tu. Unyevu huimung'unya rangi hiyo ikawa unga, na unga huo ukivutwa puani ni sumu, hata kama akrabu hazing'ai tena.

Mpira mpya ni kitu kidogo. Uso alioutazama mzee akingojea Magharibi hauuzwi dukani.