Jeni Zisizolala Ndani ya Utumbo

Seli za ngozi na seli za ukuta wa utumbo zina jeni zile zile. Tofauti ni jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Kwa mgonjwa wa Crohn au wa kolaitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, jeni za kinga ambazo zingeamka kwa muda kupambana na bakteria kisha zikalala hubaki macho. Utumbo huvimba, hutoka vidonda, na mgonjwa huharisha damu na kukonda.

Kurithi peke yake hakutoshi kueleza magonjwa haya. Jeni ya NOD2 ilihusishwa na Crohn mwaka 2001, na tangu hapo yamepatikana maeneo zaidi ya 200 ya vinasaba yanayoongeza hatari. Hata hivyo, pacha wanaofanana kabisa mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Ndiyo maana watafiti huchunguza utumbo wenyewe. Daktari huingiza kamera, hunyofoa vipande vidogo vya ukuta wa utumbo, na maabara hupima RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni iliyo kazini. Penye uvimbe, nakala za jeni za TNF na interlukini-6, protini zinazochochea uvimbe, huwa nyingi mno.

TNF ndiyo iliyozaa tiba. Infliximab, dawa inayoizuia, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya Crohn, na imewaokoa wengi. Lakini wapo isiowasaidia. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba wagonjwa ambao utumbo wao ulikuwa na onkostatini M, protini nyingine ya uvimbe, kwa wingi kabla ya kuanza tiba ndio ambao mara nyingi dawa za kuzuia TNF hazikuwasaidia. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote: kujua mapema, kabla mgonjwa hajapoteza miezi na fedha kwa dawa isiyomfaa. Kipimo cha onkostatini M bado si cha kawaida hospitalini.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tahadhari ya ziada. Crohn hufanana sana na kifua kikuu cha utumbo, na dawa za kushusha kinga, kama infliximab, zinaweza kukichochea kifua kikuu. Ukiharisha kwa wiki kadhaa, ukiona damu chooni au ukikonda bila sababu, usirudie kumeza dawa za amiba ulizojinunulia. Nenda hospitali ukapimwe.