Ndege za ‘jumbo’ zaaga abiria, mfanyabiashara wa Busisi ajifunze nini?

KWA miaka mingi mfanyabiashara aliyetoka Sengerema au Geita kupeleka mzigo Mwanza alijua kwamba mwenye kupanga safari yake ni pantoni. Akifika Busisi akakuta kivuko kimeondoka, alisubiri. Akikikuta gatini, alisubiri foleni ya magari ipakiwe. Dagaa wakavu waliweza kuvumilia, lakini sato na sangara barafu iliwayeyukia, na nyanya zililainika ndani ya matenga.

Hali hiyo ilibadilika Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la John Pombe Magufuli. Daraja hilo lina urefu wa kilometa tatu na linaunganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Mwenye pikipiki na tenga moja la samaki anavuka kwa dakika chache, bila kungoja Fuso wala basi la mtu mwingine.

Kilichotokea Busisi kinafanana sana na kilichotokea angani. Ndege kubwa za abiria zinazojulikana kama ‘jumbo’ zimeondolewa kazini moja baada ya nyingine. Hazikuondolewa kwa sababu ni mbovu. Ziliondolewa kwa sababu chombo kikubwa huleta faida kikijaa tu, na kuzijaza kila siku kulikuwa kugumu.

Mvuvi anaweza kuuliza jambo hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu takriban nusu ya mizigo inayosafirishwa kwa ndege duniani hubebwa chini ya miguu ya abiria, yaani katika tumbo la ndege ya kawaida ya abiria. Humo husafiri maua, mboga, dawa, na minofu ya sangara wa Ziwa Victoria.

Zilivyoanza

Ndege ya kwanza kuitwa jumbo ni Boeing 747 ya Marekani. Ilianza kubeba abiria Januari 22, 1970, ikiwa ya shirika la Pan Am, kati ya New York na London. Ilikuwa na injini nne na ghorofa ndogo upande wa mbele. Toleo lililouzwa zaidi, 747-400, lilibeba kwa kawaida abiria 400 hivi.

Hesabu yake ilieleweka hata kwa mwenye daladala. Gharama za rubani, mafuta na kutua zikigawanywa kwa abiria 400, kila mmoja analipa kidogo. Nauli za safari ndefu zilishuka na watu wengi wa kipato cha kawaida wakaanza kupanda ndege.

Mwaka 2007 ikaja kubwa zaidi, Airbus A380 ya Ulaya, yenye ghorofa mbili kutoka mbele hadi nyuma na nafasi ya abiria zaidi ya 500. Singapore Airlines ndiyo iliyoanza kuitumia, na Emirates ya Dubai ikawa mnunuzi mkubwa kuliko wote.

Kilichoziangusha

Sababu ya kwanza ni injini. Zamani ndege yenye injini mbili haikuruhusiwa kwenda mbali na uwanja wa dharura, hivyo safari za kuvuka bahari kuu ziliachiwa ndege za injini tatu au nne. Kuanzia mwaka 1985 kanuni hizo zililegezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa injini zilikuwa zimeboreshwa na hazikuwa zikizimika ovyo. Boeing 777, iliyoanza kazi mwaka 1995, ilionyesha kwamba injini mbili zinatosha kuvuka bahari na watu zaidi ya 300. Injini mbili zinakunywa mafuta kidogo na matengenezo yake ni nafuu kuliko ya injini nne.

Sababu ya pili ni abiria mwenyewe. Jumbo ilihitaji watu wakusanywe kwenye kiwanja kimoja kikubwa, wapandishwe pamoja, kisha watawanywe tena kwa ndege ndogo. Ndege za kati kama Boeing 787 zikawezesha safari za moja kwa moja kati ya miji isiyoweza kujaza jumbo. Abiria akipewa nafasi ya kuchagua, huchagua njia isiyomlaza njiani.

Mwaka 2019 Airbus ilitangaza kuacha kutengeneza A380, na ya mwisho ilikabidhiwa kwa Emirates mwishoni mwa 2021. Jumla zilikabidhiwa 251. Ugonjwa wa Korona ulipofunga anga mwaka 2020, KLM, British Airways na Qantas ziliziondoa 747 zao za abiria. Boeing 747 ya mwisho, kati ya 1,574 zilizotengenezwa, ilikabidhiwa Januari 31, 2023. Haikuwa ya abiria bali ya mizigo, na mnunuzi alikuwa Atlas Air ya Marekani.

Afrika Mashariki nayo ilijaribu

Tanzania haiko nje ya historia hiyo. Mwaka 1995 Tanzania, Uganda na Afrika Kusini zilianzisha kwa pamoja shirika la Alliance Air, lililotumia Boeing 747SP, yaani jumbo fupi. Ndege hiyo ilifupishwa ili iende mbali zaidi, lakini ilibaki na injini nne za kulishwa mafuta. Duniani zilitengenezwa 45 tu. Alliance ilifunga shughuli zake mwaka 2000.

Mashirika ya ukanda huu yaliponunua tena ndege za masafa marefu, yalichagua za injini mbili. Kenya Airways ilipokea Boeing 787 ya kwanza mwaka 2014. Air Tanzania ilipokea ya kwake Julai 2018, ikiwa na viti 262. Uganda Airlines nayo ilipokea Airbus A330 mbili, moja mwaka 2020 na nyingine 2021.

Na samaki je?

Wengi hudhani kwamba jumbo ikiondoka, nafasi ya mizigo nayo inapungua. Si lazima iwe hivyo. Abiria wengi maana yake mabegi mengi, na mabegi hayo ndiyo yanayojaza tumbo la ndege. A380, pamoja na ukubwa wake wote, haikusifika kwa kubeba mizigo. Boeing 777-300ER, yenye injini mbili, ina tumbo kubwa kuliko la 747-400.

Kwa mfanyabiashara wa kanda ya ziwa tatizo liko kwingine. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndege za mizigo za Ilyushin zilitua Mwanza kuchukua minofu ya kwenda Ulaya. Lakini ndege ya mizigo, kama lori, inahitaji mzigo wa kuja na wa kurudi. Ikija tupu, anayelipia safari ya kuja ni samaki. Ndiyo maana minofu mingi ya Mwanza imekuwa ikipakiwa kwenye malori yenye majokofu hadi Nairobi au Entebbe, ambako kuna ndege nyingi za kwenda mbali.

Tanzania ilijaribu kuziba pengo hilo Juni 2023 ilipopokea Boeing 767 ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 54. Hata hivyo, Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyopewa leseni Tanzania kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, kwa hoja ya udhaifu katika usimamizi wa usalama. Uamuzi kama huo ukitolewa, minofu inayokwenda soko hilo inabaki kutegemea ndege za wengine.

Nairobi, kwa upande wake, bado hutuliwa na 747 za mizigo. Jumbo zilizokosa abiria zimepata kazi kwenye maua, kwa sababu maua ya Kenya hukatwa na kusafirishwa mwaka mzima. Kwa hiyo ukubwa wenyewe si kosa. Penye mzigo wa uhakika chombo kikubwa kinalipa, na penye mzigo wa kubahatisha kinafilisi.

Hesabu ya kwenda nayo nyumbani

Somo hili linamfaa hata asiyewahi kupanda ndege. Chukulia mfano wa Fuso inayokodishwa kwa Sh 400,000 na kubeba magunia 100. Ikijaa, kila gunia linasafiri kwa Sh 4,000. Lakini mkulima mwenye magunia 40 akiikodi peke yake, kila gunia limesafiri kwa Sh 10,000. Akipata Canter ya Sh 180,000 inayobeba magunia hayo 40, kila gunia ni Sh 4,500. Fuso ni nafuu kwenye makaratasi, Canter ni nafuu mfukoni.

Njia ya pili ni wenye magunia 40, 35 na 25 kuungana na kuijaza Fuso. Wakifika sokoni pamoja wanaweza pia kusimama pamoja kwenye bei. Wasipoaminiana, kila mmoja atalipia nafasi tupu.

La tatu ni mzigo wa kurudi. Lori lililopeleka mananasi Mwanza likirudi tupu, mananasi yamelipia njia mbili. Mwenye duka Sengerema anayehitaji saruji, sabuni au pembejeo ndiye mtu wa kutafutwa kabla safari haijaanza.

La nne ni aina ya bidhaa. Mabondo yaliyokauka, dagaa wakavu na mahindi vinaweza kusubiri chombo kikubwa kijae ili nauli ishuke. Samaki wabichi na nyanya haviwezi. Kwa bidhaa inayooza, saa moja ya kusubiri ni gharama, hata kama haimo kwenye risiti.

Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya pantoni, lakini halimpangii mtu mzigo wake. Mashirika makubwa ya ndege yalitumia mabilioni ya dola kujifunza kwamba viti vitupu havilipi nauli. Mchuuzi wa Busisi anaweza kulijua hilo kwa kuhesabu magunia yake kabla ya kumpigia simu mwenye lori.