Unapaka upya nyumba ya zamani? Anza na ukuta, si kopo la rangi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KIANGAZI kinaposhika kasi, wakazi wengi wa Dodoma huanza kufikiria kupaka rangi nyumba zao. Katika Kata ya Zuzu, magharibi mwa jiji, nyumba za miaka mingi zinapakana na zile zilizojengwa baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia rasmi mkoani hapa.

Kwa kawaida, anayenunua au kupanga nyumba ya zamani huanza kwa kununua kopo la rangi na kumwita fundi. Baada ya siku mbili, nyumba hung'aa kama mpya.

Lakini mvua zinazoanza Desemba zikishapita, rangi ile ile huota malengelenge, hubambuka na kuacha unga mweupe sakafuni. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu rangi, na mwaka unaofuata fedha nyingine hutumika kwa kazi ile ile.

Ukweli ni kwamba mara nyingi kosa haliko katika rangi mpya, bali katika ukuta na rangi ya zamani iliyo chini yake. Zaidi ya hasara ya fedha, rangi hiyo ya zamani inaweza kuwa na sumu inayodhuru afya ya watoto.

Chumvi inavyokula ukuta

Dodoma ni eneo la ukame linalopata wastani wa mvua usiozidi sana milimita 600 kwa mwaka. Mvua ikiwa chache na jua kali, chumvi zilizomo ardhini hazisafishwi zikaenda mbali, bali hubaki karibu na uso wa udongo. Ndiyo sababu maji ya visima katika baadhi ya maeneo huwa na ladha ya chumvi.

Ukuta usio na kizuizi cha unyevu juu ya msingi huyanyonya maji hayo kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hukauka, chumvi hubaki, nayo hujikusanya na kusukuma lipu na rangi kwa nje. Mchanga wenye chumvi au maji ya chumvi yaliyotumika wakati wa ujenzi huleta matokeo hayo hayo.

Nyumba nyingi za zamani zina mkanda wa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, uliowekwa ili uchafu ufutike kwa urahisi. Mkanda huo huzuia ukuta usipumue mahali ambapo unyevu ni mwingi zaidi. Matokeo yake, rangi huvimba na kubanduka vipande vipande.

Kabla ya kununua rangi, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote na ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikuta matone ya maji upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe, na kupaka rangi wakati huo ni kupoteza fedha.

Tiba huanzia nje. Ondoa udongo uliorundikana ukutani, elekeza maji ya paa mbali na msingi, na ziba bomba linalovuja. Lipu iliyooza ibomolewe hadi sentimita 30 hivi juu ya mahali chumvi ilipofika, kisha ipigwe upya kwa mchanga safi na maji yasiyo na chumvi. Iachwe ikauke kwa takriban wiki nne.

Unga mweupe wa chumvi uondolewe kwa brashi kavu ngumu na kuzolewa. Usiuoshe kwa maji, kwa kuwa huyeyuka na kurudi ukutani. Sehemu hiyo ya chini ipakwe chokaa au rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua, si rangi ya mafuta.

Hatari ya vumbi

Kwa miaka mingi viwanda duniani viliongeza madini ya risasi katika rangi za mafuta ili zikauke haraka, zidumu na ziwe na mng'ao, hasa nyekundu, njano na rangi ya chungwa. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini sehemu nyingi za dunia ziliendelea kuzitumia.

Hapa nchini, shirika lisilo la kiserikali la AGENDA limepima rangi za mafuta zinazouzwa madukani kwa nyakati tofauti tangu mwaka 2009, na kukuta baadhi yake zikiwa na risasi nyingi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mtu mzima angefyonza kutokana na risasi iliyomezwa. Sumu hiyo hudhoofisha ukuaji wa ubongo na uwezo wa kujifunza, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni.

Rangi hiyo ikiwa imeshika imara ukutani, hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa huja pale fundi anapoipiga msasa mkavu. Vumbi hutua sakafuni, kwenye godoro na kwenye vyombo, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ina risasi. Hilo hujulikana kwa vipimo vya maabara. Hivyo ni busara kuichukulia kila rangi ya mafuta ya zamani kuwa inayo. Kuitambua rangi ya mafuta ni rahisi: sugua kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi ya maji hulainika na kuchafua kitambaa, ya mafuta haibadiliki.

Hatua za kufuata

Kama rangi ya mafuta imeshika vizuri, usiikwangue. Ioshe kwa sabuni, suuza, kisha ipitishie msasa wa maji huku ikiwa imelowa ili rangi mpya ipate kushika. Inayobanduka ilowanishwe kwanza, ndipo ikwanguliwe. Usiichome kwa moto.

Watoto na wajawazito wahame nyumba hiyo hadi usafi utakapokamilika. Toa vyombo na chakula, tandika nailoni sakafuni, na mwisho wa siku futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo laini. Itumike ile maalumu ya kuchuja vumbi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ukuta wa chokaa iliyozeeka una kasoro yake. Ukiupitisha kiganja na kikatoka cheupe, rangi mpya itashika unga huo badala ya kushika ukuta. Sugua hadi unga uishe, kisha anza na praima. Masizi ya jikoni nayo yaoshwe kwa sabuni na kufunikwa kwa praima ya mafuta, la sivyo yatajitokeza juu ya rangi ya maji.

Wakati mzuri wa kazi hii Dodoma ni kati ya Agosti na Oktoba, kuta zinapokuwa zimekauka. Upepo wa miezi hiyo hubeba vumbi, hivyo funga madirisha ya upande unaotoka upepo wakati wa kupaka.

Jambo la mwisho ni makubaliano. Fundi anayelipwa kwa jumla hupata faida kwa kumaliza mapema, na kinachopunguzwa huwa ni maandalizi. Patana naye bei ya kuandaa ukuta peke yake na ya kupaka peke yake, na ukague ukuta mwenyewe kabla kopo la kwanza halijafunguliwa.