Nguvu za Wazee

Kua ni mahali penye magofu ya mji wa zamani, katika kisiwa cha Juani, Mafia. Watu wa Juani huvua samaki, hutafuta pweza, na huangua nazi. Kazi hizo zinataka misuli yenye nguvu. Lakini mtu akizeeka, hata kuinuka kitini huwa kazi. Kwa nini?

Misuli imejengwa kwa nyuzi nyembamba sana. Nyuzi hizo ni seli. Ndani ya seli kuna jeni. Jeni ni maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Seli huyasoma maagizo hayo, kisha hutengeneza protini za kujenga misuli.

Uzeeni jeni hazipotei. Kinachobadilika ni kusomwa kwake. Nyingine husomwa kidogo, nyingine husomwa kupita kiasi. Ni kama kitabu kilichofungiwa sandukuni. Kitabu kipo, lakini kisipofunguliwa hakifundishi. Jeni za kuipatia seli nguvu ni miongoni mwa zile zinazosomwa kidogo. Ndiyo maana misuli huchoka upesi.

Je, hali hii inaweza kurekebishwa? Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani na Kanada walieleza uchunguzi wao. Walilinganisha misuli ya vijana na ya wazee wenye afya. Jeni 596 zilisomwa tofauti. Kisha wazee 14 walifanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito mara 2 kwa wiki, kwa miezi 6. Mwanzoni nguvu za wazee zilipungua za vijana kwa asilimia 59. Mwishoni zilipungua kwa asilimia 38 tu. Jeni 179 zilielekea kusomwa kama za vijana.

Basi tusimwambie mzee, "Wewe kaa tu." Anayekaa siku nzima hudhoofika, na huweza kuanguka na kuvunjika. Lakini tusimbebeshe gunia la nazi. Aanze kidogo. Akae kitini karibu na ukuta, asimame, akae tena, mara 5. Apumzike, kisha arudie. Ale samaki, kunde au mayai ili apate protini. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aende zahanati kwanza.

Maswali
1. Jeni hufanya kazi gani?
2. Mazoezi yaliwasaidiaje wale wazee 14?
3. Wazee wa nyumbani kwako wanaweza kufanya kazi zipi bila kuumia?